TAHARIRI: BIOGESI NA MZIGO WA MAMA



Katika vihamba vya Kilimanjaro na Meru, ambako ng'ombe hufugwa bandani na kukatiwa majani, samadi haijapata kuitwa taka. Ni chakula cha mgomba na mkahawa. Kilichoongezeka katika nusu karne iliyopita ni ujuzi wa kuitoa samadi nishati kabla ya kuirudisha shambani. Shirika la SIDO lilianza kujenga mitambo ya biogesi nchini miaka ya 1970. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kikaendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1980. Na mwaka 2009 ukaanzishwa mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani.

Kanuni yake si ngumu. Samadi mbichi huchanganywa na maji kwa kiasi sawa, kisha huingizwa katika kuba lililojengwa chini ya ardhi, lisilopenya hewa. Humo vijidudu huiozesha na kutoa gesi ya methani, ambayo huenda jikoni kwa bomba. Ng'ombe mmoja wa bandani hutoa takribani kilo 10 za samadi kwa siku, nazo huzaa gesi ya kuwasha jiko kwa muda wa saa moja hivi. Mwenye ng'ombe watatu aweza basi kupunguza sana kuni, pengine kuziacha. Tope linalobaki halijapoteza rutuba yake. Ni mbolea njema.

Yawezekana msomaji akauliza: habari ya jiko yahusianaje na haki na amani? Yahusiana sana. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa nishati za kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto walio chini ya miaka mitano. Wanaouvuta zaidi moshi huo ni mama na mtoto aliye mgongoni mwake. Na mama huyo huyo ndiye aliyezibeba kuni.

Hata hivyo, yatupasa kusema ukweli wote. Mtambo unaolishwa kilo 30 za samadi wadai lita 30 za maji kila siku. Ni nani huyateka? Ni nani hukoroga samadi alfajiri? Ikiwa baba anawaonyesha wageni mtambo wake kwa fahari, huku mama aliyetuliwa kuni ametwishwa ndoo, mzigo haukupungua; umebadilishwa tu. Mahali pengine mtambo umekufa pasipo ufa wala kutu, kwa sababu tu hakuna aliyekubali kuulisha. Basi, kabla ya kununua saruji, wenye nyumba na wakae pamoja wagawane kazi: baba na vijana wa kiume washike koleo na ndoo. Mtambo na ujengwe karibu na banda, ili samadi na mkojo wa ng'ombe vitiririke vyenyewe, na maji ya kuteka yapungue.

Tena yuko mjane asiye na ng'ombe. Ruzuku ya mtambo humfikia mwenye mifugo. Yeye hubaki na mafiga yake matatu. Kwake haki huanzia bandani: apewe mtamba kwa utaratibu tunaoujua wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na shimo lake lichimbwe kwa msaragambo. Jumuiya ndogo ndogo zaweza kulifanya hilo bila kungoja mfadhili.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Twaupokea kwa moyo mweupe. Lakini sisi tusihesabu mitambo pekee. Tuingie jikoni, tumwulize mama: Je, siku hizi unapata nafasi ya kupumzika? Jibu lake ndilo litakalotuonyesha kama tumetenda haki.