Takrima, Mila na Kura ya Maoni

Miongoni mwa maneno ya lugha yetu yaliyodhulumiwa, ni machache yaliyodhulumiwa kama neno takrima. Maana yake ni heshima na ukarimu apewao mgeni. Lakini kila msimu wa kura za maoni unapokaribia, neno hilo hufunikwa juu ya bahasha, vitenge, nauli na sahani za pilau, kisha tukaambiwa kwamba hiyo ndiyo mila yetu. Sisi tunakanusha. Wanaotetea bahasha kwa jina la utamaduni, ama hawaujui utamaduni huo, ama wanaujua na kuukana kwa makusudi.

Tuanze na mila yenyewe. Mwenye kutoa takrima ni mwenyeji, na mwenye kuipokea ni mgeni. Je, mgombea anapobisha hodi nyumbani kwa mjumbe, nani mwenyeji na nani mgeni? Mgombea ndiye aliyekuja, tena amekuja kuomba. Kwa desturi, yeye ndiye wa kupewa kiti na maji ya kunywa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata mgeni apendwaye alipimwa kwa kazi. Siku hizi mgeni ndiye amlishaye mwenyeji, na wala hapana amwulizaye habari za jembe.

Wapo watakaotujibu kwamba mtu aliyekwenda na shauri mbele ya wazee hakwenda mikono mitupu. Ni kweli, nasi hatulikatai hilo. Lakini kitu kile kilitolewa hadharani, mbele ya baraza, na kiasi chake kilijulikana. Kiliwafungua wazee masikio, hakikuwafunga ndimi. Mzee aliyekunywa pombe ya mdai aliweza bado kumwambia kuwa amekosa. Bahasha ya usiku hainunui masikio ya mjumbe, bali hununua ulimi wake.

Taifa letu limekwisha kulipima jambo hili. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, takrima ya wagombea ikahalalishwa kwa hoja hiyo hiyo ya ukarimu wa jadi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliyabatilisha masharti hayo kuwa yanapingana na Katiba, kwa kuwa yalimbagua mgombea asiye na mali. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo inagusa pia uteuzi ndani ya vyama. Basi tatizo letu si kukosa sheria. Tatizo ni namna sisi wenyewe tunavyomchagua tumpendaye.

Hebu tujiulize kwa unyofu. Tukiingia ukumbini, tunampima mgombea kwa mizani gani? Mmoja humtazama wa ukoo wake. Mwingine humtazama aliyemlipia nauli. Wa tatu hunusa ni nani anayetakwa na wakubwa, ili asije akaonekana amepotea njia. Na wote watatu wana udhuru mmoja: hii ni kura ya maoni tu, vikao vya juu ndivyo viteuavyo, basi heri tule chetu mapema. Ni kweli kwamba vikao vya juu vina madaraka ya kumwacha aliyeongoza. Lakini maoni yaliyouzwa yana haki gani ya kulalamika yakipuuzwa? Mwenye kuyauza ndiye wa kwanza kuyafanya takataka.

Wengine hudhani dawa ni hesabu. Mwaka 2010 Chama Cha Mapinduzi kiliwapa wanachama wote kura ya maoni matawini. Mwaka 2020 kura hiyo ilipigwa na wajumbe wa mikutano. Sisi twaona kwamba wapiga kura wengi ni wagumu kununuliwa kuliko wachache, na hilo ni jema. Lakini wingi peke yake hauponyi tamaa. Huifanya bahasha iwe nyembamba tu.

Tukumbuke mwaka 1965. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, na wananchi hawakupewa zaidi ya wagombea wawili jimboni, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Huo ulikuwa ufinyu, wala hatuutamani urudi. Hata hivyo wagombea wale walisimama katika jukwaa moja, katika mikutano iliyoandaliwa na chama, wakaulizwa maswali mbele ya watu wale wale, na walikatazwa kutumia rangi, kabila au dini. Na wananchi hawakumwogopa mkubwa: Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa. Kilichowasaidia kupima ni kuwaona wote wawili pamoja, mchana, wakijibu.

Nasi tulio walimu tusijifanye watazamaji. Wapo miongoni mwetu waliokuwa wajumbe, wakapanda magari yaliyotumwa na mgombea, kisha Jumatatu wakafundisha uraia bila haya. Mwanafunzi aliyeyaona magari yale amejifunza somo letu la kweli. Tukitaka ajifunze jingine, tuanze na uchaguzi wa viranja: wagombea wasimame pamoja, waulizwe, na atakayegawa peremende aondolewe. Na siku mgombea wa ubunge atakapobisha hodi, tumkaribishe kwa kiti na maji, kama mila itakavyo. Kisha tumwulize amefanya nini. Akitoa bahasha, tumrudishie mbele ya watoto wetu.