SAMAKI WAMEKUFA, FUNDI AKATWA MSHAHARA

Ndugu wafanya kazi,

Mafundi wa vioo wa Lucky Summer wametuletea shauri, nasi twalileta mbele yenu kwa sababu si lao peke yao. Walipewa kazi ya kutengeneza tangi kubwa la samaki, la kioo, lililokuwa likivuja. Tajiri wao (jina tunaliacha, mwenyewe ajijua) akanunua gundi ya silikoni ya bei ya chini, ile ya kuzibia bafu na masinki. Mafundi wakamwambia haifai. Akawajibu, "Silikoni ni silikoni." Tangi likajazwa, samaki wakafa, na mwisho wa mwezi mafundi ndio waliokatwa mshahara.

Twasema: silikoni si silikoni. Nyingi katika zile za bafuni hutiwa dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo yaweza kutoka polepole ikaingia majini. Bafuni haina neno. Lakini samaki hupumua yale maji. Tangi la kioo lataka silikoni tupu, isiyo na dawa, iliyoandikwa na kiwanda chenyewe kwamba yafaa kwa samaki. Ile inukayo siki wakati wa kukauka haina madhara kwao ikiwa ni tupu na imekwisha kukauka kabisa. Ila usiipake kwenye saruji, maana asidi yake hula chokaa iliyomo, na gundi ikabanduka. Bati lenye zinki na vipande vya shaba visiguse maji hayo kamwe. Yote haya fundi ayajua. Mwenye kushika fedha ndiye asiyetaka kuyasikia.

Kisha haraka! Silikoni mpya haishiki vema juu ya ile ya zamani; ya zamani lazima ikwanguliwe yote mpaka kioo kibaki kitupu. Nayo hukauka kama milimita 2 au 3 tu kwa siku moja, kwa kadiri ya unyevu wa hewa. Kiungio kinene chataka wiki nzima au zaidi, lakini tajiri ataka maji kesho asubuhi. Basi na tumpigie hesabu: maji ya kina cha mita 2, yakiegemea kioo cha upana wa mita 3, hukisukuma kwa uzito wa tani 6. Kinachozuia tani hizo ni mstari wa gundi, na anayesimama mbele yake ni fundi.

Asiseme twatisha watu. Huko Berlin, Ujerumani, tarehe 16 Desemba 2022, tangi la hoteli lenye lita milioni 1 lilipasuka alfajiri, miezi michache tu baada ya kutengenezwa na kufunguliwa upya. Samaki wapatao 1,500 walikuwamo. Watu 2 waliumia. Lingepasuka mchana ingekuwa msiba. Wataalamu hawakuweza kukata shauri la chanzo, lakini katika mambo waliyoyataja yamo viungio vya gundi kuachia, na plastiki ya tangi kukauka lilipokuwa tupu wakati wa matengenezo.

Hata hivyo, ndugu, kuliko samaki sisi twamwangalia aliye ndani ya tangi. Kioo husafishwa kwa asetoni au thina. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutulia chini, na ndani ya tangi hauna pa kutokea. Chini ndipo fundi alipo, amepiga magoti akikwangua. Kichwa chamuuma, macho yamzunguka, na cheche moja ya umeme yatosha kuwasha moto. Ziko gundi za poliyurethani ziwezazo kumwachia mtu pumu ya maisha. Iko epoksi, ambayo kabla haijakauka huichokoza ngozi, hata wengine hawawezi kuigusa tena. Je, kwa bei ile ya chini tajiri alinunua na feni? Alinunua glavu? Hata moja!

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alinde afya ya wafanya kazi wake. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo hairuhusu mshahara ukatwe kwa mali iliyoharibika ila mfanya kazi awe ameiharibu kwa makusudi yake. Makusudi yako wapi kwa watu waliosema mapema, "Hii haifai"?

Twataka fundi ndiye achague gundi, na tajiri akiikataa aandike kwa mkono wake. Twataka karatasi ya kiwanda isomwe kabla mkebe haujafunguliwa, feni iwepo, na mtu mmoja asimame nje akimtazama aliye ndani. Siku za kukauka zihesabiwe na zilipwe. Kibarua wa siku moja asitumbukizwe tangini kwa kuwa mafundi wamekataa.

Fedha zilizokatwa zirudishwe zote. Wenzetu wa karakana nyingine waliokatwa kwa jambo kama hili walete karatasi zao za mshahara kwa katibu wa tawi kabla ya siku ya malipo.

Wenu katika chama.