Waliojaa Uwanjani na Waliobaki Sokoni



Wiki hii tunawaandikieni, ndugu zetu na mama zetu, kutoka Rhamu, mji ulio kando ya mto Daua, ambao ng'ambo yake ni Ethiopia. Tulikuja kuhudhuria arusi ya jamaa, tukaukuta mji unabishana juu ya picha moja. Ni picha ya mkutano wa hadhara iliyopigwa kutoka juu, vichwa vimeujaza uwanja, nayo imezunguka katika simu za watu kwa siku tatu. Wenye mkutano wanasema: tazameni nguvu zetu. Wasiokuwa wa upande huo wanasema watu waliletwa kwa malori, wakavishwa fulana, wakapewa fedha za miraa. Nao wanaandaa mkutano wao Alhamisi ijayo, wakiapa kwamba utakuwa mkubwa zaidi.

Mwenyeji wetu ni mama wa makamo auzaye maziwa ya ngamia sokoni. Mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 19, ametakiwa ahudhurie hiyo Alhamisi. Baada ya sala ya Isha mama alituuliza: "Sheikh, nimzuie au nimwache? Yeye asema tukionekana wachache, ukoo wetu utadharauliwa." Tukamwomba atupe usiku mmoja wa kufikiri.

Msomaji wa Mombasa au Lamu asidhani swali hili ni dogo. Huku kuhesabiana kuna historia yake. Baada ya sensa ya mwaka 2009, serikali iliyafuta matokeo ya wilaya nane, zikiwemo tatu za Mandera, kwa hoja kwamba idadi ya watu ilikuwa imepanda kupita kiasi. Idadi ni viti, na viti ni bajeti. Kisha kati ya 2012 na 2014 koo za Garre na Degodia zilipigana katika mji huu na vijiji vinavyouzunguka. Watu waliuawa na maelfu wakahama makwao. Kwa hiyo picha ya umati ikifika katika simu ya jirani, yeye haoni furaha ya waliohudhuria. Anaona idadi ya watakaomjia.

Je, umati ni nguvu? Wazee wa eneo hili walikwisha kulijaribu jambo hilo, tena kwa ukamilifu kuliko sisi. Mwaka 1962, Kenya ikikaribia uhuru, serikali ya Uingereza ilituma tume ya watu wawili, mmoja kutoka Nigeria na mwingine kutoka Kanada, iwaulize wakazi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini wanataka nini. Watu walitoka malishoni, wakajaa katika mabaraza. Katika maeneo ya Wasomali jibu lilikuwa karibu moja: tunataka kuungana na Somalia. Tume ikaandika hivyo hivyo katika ripoti yake. Hakuna aliyedai kwamba watu wale walikodiwa, wala kwamba walikuwa wachache. Hata hivyo, Machi 1963 London ikatangaza kwamba eneo hilo litakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Mwezi Mei watu wakasusia uchaguzi. Vituo vikabaki vitupu kama vile mabaraza yalivyokuwa yamejaa. Yakafuata mapigano yaliyoitwa vita vya shifta, na sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa hadi mwaka 1991.

Hatuandiki haya kupima kama matakwa yale yalikuwa ya haki au la. Huo ni mjadala mwingine, na wenyewe wangali hai. Tunatazama jambo moja tu: kwa nini wingi ule, uliokuwa wa kweli na ulioandikwa na tume yenyewe, haukuzaa kitu? Sisi tunaona ni kwa sababu mwenye kuamua alikuwa mbali, na hakuna alichokihitaji kutoka kwa watu wale. Aliwasikiliza, akawahesabu, akaenda zake. Wazee wetu wa Pwani nao wanakumbuka jinsi mitaa ya Mombasa ilivyofurika mwaka 1992 kwa ajili ya chama cha IPK, na chama chenyewe hakikuandikishwa.

Mtu atatuambia: mbona vijana wa mwaka 2024 walifaulu? Ni kweli. Tarehe 25 Juni waliingia Bungeni, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini Mswada wa Fedha. Lakini tazameni walichokuwa nacho zaidi ya miguu: walitoka katika miji mingi kwa siku moja, bila kuulizana kabila, na wakadai jambo moja ambalo mtu mmoja aliweza kulikataa kwa kalamu yake. Wala tusisahau mama waliozika watoto wao kwa ajili ya siku ile. Bei hiyo haionekani katika picha iliyopigwa kutoka juu.

Nasi Waislamu tuna darsa letu la zamani. Siku ya Hunayn Waislamu walikuwa kama elfu kumi na mbili, wingi ambao hawakuwahi kuwa nao, na baadhi yao wakajisifu kwao. Bondeni walipovamiwa, wengi walikimbia, na waliosimama na Mtume, rehema na amani zimshukie, walikuwa wachache. Mwenyezi Mungu amewakumbusha waumini siku hiyo katika Surat at-Tawba. Mara nyingi tunahubiri Badr, ambako wachache waliwashinda wengi. Hunayn tunaihubiri kwa nadra, labda kwa sababu inatugusa.

Usiku ule lililotujia zaidi akilini lilikuwa jambo la Wajir. Mwaka 1993 koo zilikuwa zikiuana huko, na hata soko likagawanyika, mwanamke wa ukoo huu asiweze kumuuzia wala kununua kwa wa ukoo ule. Wanawake wachache wa koo mbalimbali, miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walikutana arusini wakaanza kuzungumza. Hawakuitisha mkutano wa hadhara. Walikwenda sokoni, wakawaomba wauzaji wakubaliane kwamba soko ni la wote, na wakaweka wanawake wa kulinda mapatano hayo siku baada ya siku. Kutoka hapo wakawaendea wazee, kisha vijana, kisha maofisa wa serikali, na mwaka huo huo wazee wakatoa azimio la amani la Al-Fatah. Utaratibu wao wa kamati za amani ulikuja kuigwa katika wilaya nyingine za Kenya. Mtu angewapiga picha siku ya kwanza asingepata picha ya kuonyesha mtu. Lakini walishika kitu ambacho kila upande ulikihitaji: maziwa, sukari, unga. Na kesho yake walikuwapo tena.

Asubuhi tulimweleza mwenyeji wetu haya yote, marefu kama mlivyoyasoma. Alisikiliza huku akisuuza vibuyu vyake vya maziwa. Kisha akauliza: "Na soko, Alhamisi litafungwa?" Tukasema hatujui. Akasema kuna mwanamke wa ule ukoo mwingine wanayeuza naye chini ya mti mmoja tangu watu warudi mjini. Atamwendea leo, waafikiane wote wawili kwamba siku hiyo watakuwapo, na wawaambie wenzao.

Kuhusu kijana, hajaamua. Tulipokuwa tukifunga mizigo yetu alikuwa uani anapiga pasi shati, na mama yake alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.