Nyumba Imeshachukuliwa

Nimekuwa kimya kwa majuma matatu hivi na wengine wenu mmeniuliza kwa barua pepe kama kazi mpya imenimeza. La, haijanimeza. Nilikuwa natafuta nyumba hapa Tokyo, na leo nataka kusema yaliyo moyoni.

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu nyumbani hudhani shida ya Tokyo ni kodi. Chumba nilichopata kiko Itabashi, kaskazini mwa jiji: mita za mraba 22, jiko dogo ukutani, bafu, yeni 85,000 kwa mwezi. Mshahara wa mwandishi wa programu unaibeba kodi hiyo bila kulia. Kinacholiza ni siku ya kuingia. Dipoziti ya mwezi mmoja. Halafu kitu kinachoitwa reikin, yaani pesa za shukrani, mwezi mwingine: unamshukuru mwenye nyumba kwa kukubali pesa zako, na hazirudi kamwe! Ajenti naye mwezi mmoja pamoja na ushuru wa asilimia 10 (sheria haimruhusu kuzidisha hapo). Kampuni ya udhamini nusu ya kodi ya mwezi, bima ya moto 20,000, kubadilisha kitasa 16,500, kisha kodi yenyewe ya mwezi wa kwanza. Jumla yeni 427,500, zaidi ya shilingi laki tatu za Kenya. Na kwa pesa hizo zote nilikuta chumba hakina taa. Mpangaji hununua taa yake, pazia lake na jiko lake la gesi.

Hayo ni ya kulalamikia tu, yana mwisho. Hata ule mzunguko wa makaratasi una mwisho. Benki inataka anwani iliyoandikwa kwenye kadi yako ya ukaazi, kadi haiandikwi anwani mpaka uwe na mahali pa kukaa, na ajenti anataka akaunti ya benki na nambari ya simu ya Japani kabla hajakupa mahali pa kukaa. Waliosoma kompyuta wanaujua mkwamo huu: programu mbili, kila moja inaingoja mwenzake. Mimi niliuvunja kwa kukaa miezi miwili katika nyumba ya kushirikiana na wageni wengine, nikaandikisha anwani hiyo katika ofisi ya wadi, mambo yakasonga.

Linalonikera ni jingine.

Ajenti wangu alikuwa kijana mpole, tai imenyooka, ofisi yake karibu na stesheni. Nilichagua vyumba saba. Akawa anawapigia simu wenye nyumba mmoja mmoja nikiwa nimekaa mbele yake. Kijapani changu ni cha kuombea maji, lakini neno gaikokujin, yaani mgeni wa nchi ya nje, nalijua. Kila simu ilianza nalo. Sentensi ya kwanza haikuwa kazi yangu wala mshahara wangu, ilikuwa hiyo. Simu nne ziliisha hapo hapo. Ajenti anaweka simu chini, anainamisha kichwa, anasema, "Samahani sana, hiyo imeshachukuliwa."

Jioni nikamwomba mwenzangu kazini, Mjapani, apige simu kuulizia moja ya hizo nne. Ilikuwa wazi. Aliulizwa angependa kuja kuiona siku gani.

Usidhani ni bahati yangu mbaya. Wizara ya Sheria ya Japani iliwauliza wageni mwaka 2016, na matokeo yakatoka 2017: kati ya waliokuwa wametafuta nyumba ndani ya miaka mitano, karibu 39 katika kila 100 walisema wamewahi kukataliwa kwa sababu ni wageni. Kwa hiyo serikali inajua.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa mwenye nyumba pia, maana si shetani. Sheria ya Japani inamlinda sana mpangaji aliyekwisha kuingia. Mwenye nyumba hawezi kukutoa wala kukunyima mkataba mpya bila sababu nzito itakayokubalika mahakamani. Hilo ni jambo zuri, na laiti tungekuwa nalo Nairobi, ambako unaweza kurudi kutoka kazini ukakuta kufuli si lako. Lakini lina matokeo yake. Kama huwezi kumtoa mtu akishaingia, basi ukaguzi wote unaufanya mlangoni. Ni kama programu isiyoweza kufuta kitu ikishakihifadhi, inakuwa kali kupita kiasi kwa kila kinachoingizwa. Na wanaobanwa si wageni peke yao. Wazee wa Kijapani wanaoishi peke yao nao hukataliwa, mwenye nyumba akihofia mtu kufia ndani. Tangu 2017 sheria imeweka daftari la nyumba ambazo wenyewe wamekubali kutowakataa watu wa namna hii, wageni wakiwemo.

Vilevile kuna UR, shirika la umma la nyumba: halitaki mdhamini, halitozi shukrani wala ujira wa ajenti. Linataka dipoziti ya miezi miwili na uthibitisho kwamba kipato chako kinatosha. Masharti yameandikwa, unayasoma, unajua umefuzu au hukufuzu. Sikupata huko kwa sababu zilizokuwa wazi zilikuwa mbali mno na kazini, lakini nawaheshimu.

Chumba cha tano mwenye nyumba alikubali. Nikapeleka pasipoti, kadi ya ukaazi, barua ya mwajiri, hati za mshahara na jina la mtu wa kupigiwa simu nikipatwa na jambo. Kampuni ya udhamini ikanikataa. Kwa nini? Jibu lilikuwa maneno mawili ya Kijapani ambayo kila mgeni hapa huyajua: wameamua "kwa kutazama yote kwa jumla." Kwa chumba cha sita, kampuni nyingine ilipewa karatasi zile zile, ikakubali kwa siku mbili. Nimelipa kwa wakati, nakaa humo, nimenunua taa.

Maoni yangu ni haya. Mwenye nyumba ana haki ya kuogopa kutolipwa. Kampuni ya udhamini ipo kwa ajili hiyo, na kama kazi ni kupima hatari, basi ipime. Ila anayekataa alazimishwe na sheria kuandika sababu, na sababu hiyo iwe ya kweli. Kosa baya kuliko yote katika tarakilishi ni lile lisilo na ujumbe, maana huwezi kulirekebisha. Ukiniambia mshahara haufiki, nitatafuta chumba cha bei ya chini. Ukiniambia lugha, nitajifunza. Ukiniambia ni kwa sababu mimi ni mgeni, angalau nina karatasi ya kumpelekea wakili. "Yote kwa jumla" haina cha kushika.

Hapa ndipo ningemalizia kama ningekuwa na dhamiri safi.

Nilipokuwa na miaka 23, nimetoka tu chuo na digrii yangu, nilimtengenezea ajenti mmoja wa Nairobi programu ya kusimamia nyumba za kupangisha. Mpangaji anajaza fomu kwa nambari ya kitambulisho na yaliyoandikwa juu yake, ikiwemo wilaya ya kuzaliwa. Ajenti akanipa orodha ya wilaya. Hakutaja kabila hata mara moja, na wala sikuuliza, ingawa orodha ile ungeisoma ungejua. Wakati huo Katiba ya 2010 ilishakataza jambo hilo kwa maneno yasiyo na utata, Ibara ya 27, nami nilikuwa nimeisoma. Kazi ilinichukua alasiri moja. Wilaya ikiwa kwenye orodha, programu isimwonyeshe mtu fomu inayofuata. Mteja akaniuliza tuandike nini kwenye skrini. Wazo lilikuwa langu: "Samahani, nyumba imeshachukuliwa."

Juzi nilimwandikia. Nikamweleza yaliyonipata huku, nikamwomba aniruhusu kuingia niiondoe ile orodha, bure. Akajibu usiku ule ule. Alisema mfumo unafanya kazi vizuri sana, haujawahi kumpa taabu hata siku moja, na akaniuliza kama kweli Tokyo kuna baridi kama wanavyosema.