Kabla hujaambiwa madabodi imekufa

Nilikuwa kimya kwa sababu kompyuta yangu ya mezani ilikuwa mgonjwa. Sasa nina la kusema.

Nilikuwa nikiwasha, inakwenda kama dakika 20 halafu inaganda. Nikiiacha ipoe, inawaka kama hakuna kilichotokea. Fundi niliyempelekea wala hakuifungua. "Madabodi imekufa, nunua nyingine." Jamani, hilo ni bumu langu karibu lote!

Kwa maoni yangu huo si ufundi. Kompyuta inayopona ikipoa haijafa, ina joto tu.

Mwenzangu wa chumbani akasema tufungue. Kwenye mashine za zamani kama hii yangu ya Pentium 4, kuna chipseti inayopitisha data kati ya prosesa na memori. Juu yake kuna kipande cha aluminiamu chenye mapezi cha kutolea joto, mara nyingi hakina feni. Katikati inapakwa pesti ya kuziba vijinafasi vya hewa, maana hewa haipitishi joto vizuri. Miaka ikienda, pesti inakauka kama chaki. Kilichonishangaza ni kwamba nilipogusa yale mapezi yalikuwa vuguvugu tu. Kumbe joto halipandi, linabaki kwenye chipu!

Tukachomoa umeme, tukatoa madabodi, tukabana pini mbili kwa nyuma, tukakizungusha kipande taratibu mpaka kikaachia. Tukafuta pesti kavu kwa spiriti na kitambaa laini, tukaweka mpya kiasi cha punje ya mchele. Kukirudisha ni kukandamiza pande zote sawasawa, maana kona za chipu humeguka. Na wale wa dawa ya meno, acheni. Inakauka upesi, mtarudi palepale.

Kazi yote nusu saa. Naandika haya kwenye mashine hiyohiyo, saa ya tatu sasa haijaganda.

Sisemi kila kuganda ni pesti. Inaweza kuwa pawasaplai, au kapasita zimevimba. Ila hayo nayo utayajua ukifungua.

Sisi wa ualimu ndio tutakaokuta kompyuta stoo za shule zimeandikwa "mbovu". Tusiziamini hizo karatasi kabla ya kushika bisibisi. Mwalimu hampi mtoto sifuri bila kufungua daftari lake.

Haya, narudi kwenye asaimenti. Na wewe, yako iliambiwa imekufa lini?