Kabla ya bati kupanda

Mhariri,

Mwenye nyumba wa Dar es Salaam hukagua bati kwa makini: rangi, dhamana, na kama kweli ni geji 28, iliyo nene kuliko geji 30. Lakini atakayepiga kenchi na kuezeka huajiriwa kwa namba ya simu aliyoitoa jirani.

Hiyo ni hatari isiyo ya lazima. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997, na sheria inakataza kufanya ukandarasi bila kusajiliwa. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba, la kwanza likiwa la juu, na kila daraja, isipokuwa la kwanza, lina ukomo wa thamani ya kazi.

Kuonyeshwa cheti hakutoshi. Jina lililo kwenye cheti lilingane na la mkataba na la akaunti ya benki inayopokea malipo ya awali. Bodi iulizwe kama usajili bado uko hai, maana hufutwa. Leseni ya duka la vifaa vya ujenzi, jamani, haimfanyi mwenye duka kuwa mkandarasi!

Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, Rais aliagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Nyumba ya kawaida ya Mbagala au Goba haipati tume ya kuikagua. Mkaguzi wake wa kwanza ni mwenye nyumba mwenyewe. Halmashauri zinapotoa kibali cha ujenzi, ziambatanishe ukurasa mmoja unaoeleza namna ya kuhakiki mkandarasi.

Msomaji,
Dar es Salaam