Makinda Hawakuwa Yatima

Mwaka mmoja, wakati wa mvua za masika, mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, mkazi wa Kwa Mrombo jijini Arusha, alileta darasani boksi lenye makinda wawili wa njiwa wa porini. Aliwatoa katika kiota kilichokuwa juu ya boriti ya baraza ya kwao. Alieleza kwa huzuni kwamba wazazi wao wamewatupa, kwani asubuhi nzima hakumwona hata mmoja kiotoni. Nilimsifu mbele ya wenzake kwa huruma yake. Tukawapa makinda uji na punje za mahindi, hawakufungua midomo. Siku ya pili wote wawili walikuwa wamekufa.

Kosa lile halikuwa la mtoto, bali langu mimi niliyeitwa mwalimu wa biolojia. Makinda wale hawakuwa yatima. Nilikubali maelezo kabla ya kuuliza ushahidi, na naamini kwamba jambo hilo hutokea katika shule zetu nyingi kuliko tunavyokiri.

Njiwa wa porini, ambao wengine huwaita hua au tetere, wamezoea kujenga karibu na watu: juu ya mwembe, kwenye mgrevilea wa uani, na hata katika nondo za dirisha. Kiota chao ni vijiti vichache tu, hafifu kiasi kwamba mara nyingine mayai huonekana kutoka chini. Kwa sababu hiyo watu husema njiwa ni ndege mzembe. Lakini kiota cha namna hiyo hujengwa upesi, na kikiharibika hasara yake ni ndogo. Nao njiwa huweza kutaga mara kadhaa kwa mwaka.

Aghalabu mayai huwa mawili, meupe, nayo huatamiwa kwa muda wa majuma mawili hivi. Mtu apitaye huona ndege mmoja asiyeondoka, akastaajabu jinsi anavyoishi bila kula. Kumbe ni ndege wawili wanaofanana sana. Jike huatamia usiku kucha, na dume hushika zamu tangu katikati ya asubuhi hadi alasiri. Mayai meupe yaliyo wazi hayana maficho mengine ila mwili wa mzazi. Ndiyo maana zamu hizo hazina mwanya mrefu.

Makinda wanapoanguliwa hawalishwi wadudu kama makinda wa ndege wengine wengi. Katika gole, yaani mfuko ulio shingoni ambamo chakula cha ndege hukaa kwanza, ukuta wa ndani hutoa lishe nzito yenye protini na mafuta mengi, ambayo wataalamu huiita maziwa ya njiwa. Baba na mama wote wawili huitoa. Kazi hiyo huendeshwa na homoni iitwayo prolaktini, ambayo Oscar Riddle na wenzake huko Marekani waliieleza mwaka 1933 kwa kuwachunguza njiwa. Homoni hiyo hiyo ndiyo imwezeshayo mama wa kibinadamu kutoa maziwa ya kumnyonyesha mtoto. Ni mwalimu gani atakayekosa somo hapo?

Tena, kinda wa njiwa hafungui mdomo akingoja kulishwa. Hupenyeza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi. Hiyo ndiyo sababu uji wetu haukufaa. Na kadiri manyoya yanavyoota, wazazi hupunguza kukaa kiotoni. Katika juma la mwisho kabla ya kuruka huja mara chache tu kwa siku, wakalisha, wakaondoka. Huo si utoro, ni utaratibu wa malezi. Angalikaa mwanafunzi yule akiangalia kutwa nzima, angalimwona mzazi akirudi.

Nchi yetu ina mfano mwema wa kazi ya namna hii. Kati ya mwaka 1928 na 1946, R. E. Moreau alifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Yeye na wasaidizi wake wenyeji waliketi karibu na viota, wakaandika saa za wazazi kuingia na kutoka. Vyombo vyao vikuu vilikuwa saa, kalamu na subira. Hakuna shule iliyokosa vitu hivyo, hata kama haina darubini wala maabara.

Wapo watakaosema kwamba njiwa huchafua baraza na huweza kuwaambukiza kuku magonjwa. Ni kweli, basi tunawe mikono, tusafishe sakafu, na makinda wakisharuka tuzibe mahali pale tusipopenda pajengwe tena. Tangu kutaga hadi kuruka ni kama mwezi mmoja tu. Mwezi huo twaweza kuuvumilia.

Rai yangu kwa walimu wenzangu ni hii. Kiota kikionekana karibu na nyumba au shule, wanafunzi wapangiwe zamu tangu alfajiri hadi jioni, wakae hatua kumi au zaidi, wasikiguse, wala wasiende na manati. Waandike saa ya kila badiliko. Kinda asiye na manyoya akianguka, arudishwe kiotoni. Si kweli kwamba mzazi atamkataa kwa kuwa ameguswa na mtu. Mwenye manyoya awekwe juu ya tawi, mbali na paka. Na mtoto akisema, “Wameachwa,” tumwulize kwanza: umeangalia kwa saa ngapi?